Kipande Kisichoingia Usikichonge

Ramani ya kwanza ya Tanzania niliyoijua haikuwa ya karatasi. Ilikuwa ya plaiwudi, imekatwa mkoa kwa mkoa. Baba alifundisha jiografia katika shule ya msingi pale Sumbawanga mjini, na ramani ya ukutani iliyokuwapo ilikuwa imeliwa na mende kuanzia Bahari ya Hindi hadi karibu na Dodoma. Basi akachora nchi nzima kwa penseli juu ya plaiwudi, akaipeleka kwa fundi seremala mmoja jirani na soko. Jioni baada ya jioni walikaa wawili hao, fundi akiufuata mstari kwa msumeno mwembamba, baba akimulika kwa tochi na kumkumbusha kwamba Kigoma isiguse Mbeya. Kazi ilipokwisha tulikuwa na vipande ishirini vya bara, kwa hesabu ya mikoa ya wakati ule, na viwili vya Unguja na Pemba. Kila kimoja kilipakwa rangi yoyote iliyobaki kwenye makopo ya fundi. Rukwa yetu ilipata kijani cha milango ya maduka. Ziwa Tanganyika halikupata kitu. Upande wa magharibi ramani iliishia hewani.

Sidhani kama baba alijua kwamba alikuwa akirudia kazi ya mtu mwingine. Mchezo wa kuunganisha vipande vya picha, ambao leo unauzwa kwenye maboksi ya rangi na watoto wa chekechea wanaumudu, ulianza kama somo la jiografia. Katika miaka ya 1760 mchora ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao, akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, akawauzia wazazi wenye uwezo ili watoto wao wajue nani anapakana na nani. Picha za maua, treni na ngome zilikuja baadaye sana. Haja ya kwanza ilikuwa kufundisha majirani.

Na ndivyo baba alivyoitumia. Darasani alitumwagia vipande sakafuni na kutuachia. Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyekuwa na haraka. Aliona Tabora inafanana na pengo la Shinyanga, akaisukuma, ikagoma, akatoa wembe wa kuchongea penseli akaikwangua kona. Iliingia. Lakini tangu siku hiyo Tabora ililegea pande zote. Singida ikawa inateleza, na hata aliyeipanga nchi sawasawa alipoinua ubao, katikati palianguka. Baba hakumchapa. Alikiokota kile kipande, akapitisha kidole pale palipokwanguliwa, akasema, “Kipande kisipoingia kinakuambia jambo. Ama hapa si pake, ama jirani yake ndiye aliyekaa vibaya. Kigeuze, kijaribu kwingine, au kiweke pembeni. Usikichonge.”

Maneno yale niliyachukulia kuwa ya mchezo. Nilipokuwa mtu mzima na kuanza kuulizauliza habari za Ufipa, uwanda wetu, ndipo nilipoona uzito wake, kwa sababu kwetu karibu kila kitu kimetufikia vipande vipande, na hakuna aliyetuachia kifuniko cha boksi chenye picha nzima.

Aliyecheza mchezo huu anajua kwamba unaanzia pembeni, kwenye vipande vyenye upande ulionyooka. Ufipa nayo inaeleweka hivyo. Pembe zake ziko wazi. Ukisimama juu ya safu ya Mbizi siku isiyo na ukungu, upande wa mashariki ardhi inakatika ghafla na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto la Muze na Ilemba. Ukienda magharibi, uwanda unaporomoka tena kuelekea Kasanga, Kipili na Kirando, kwenye Ziwa Tanganyika. Katikati, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700, ndipo tulipo sisi na baridi yetu ya Juni na makoti yetu. Mgeni akishajua hivyo viwili, bonde na ziwa, anaweza kuuliza njia asipotee.

Shida iko katikati, na katikati ya Ufipa ni historia. Bibi yangu alinisimulia habari za Milansi kama zinavyosimuliwa na wengi: kwamba pale palikuwa na mtawala wa kale, kwamba siku moja akiwa mawindoni walifika wanawake watatu wageni, wakakikalia kiti chake, na aliporudi akakuta utawala umehama. Ukoo wa wageni hao, Watwachi, ndio uliotawala tangu hapo, na baadaye ukagawanyika kuwa dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Mwenye Milansi akabaki na heshima ya mambo ya mizimu na ardhi. Bibi alisimulia kwa masikitiko, kana kwamba wizi ule ulifanyika juzi. Miaka mingi baadaye mzee mwingine, wa upande wa Nkansi, akanisimulia habari ileile kwa kicheko: mke wa mtawala alikitoa kiti mwenyewe, tena kwa hiari, kwa kuwa wageni walimshinda kwa maarifa.

Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika kitabu juu ya kuundwa kwa dola hizi, aliichukua simulizi hiyo kwa uzito mkubwa. Sikuhitaji kitabu kujua kwamba bibi na yule mzee walikuwa wameshika kipande kimoja kwa pande mbili. Kishawishi ni kuchagua. Mwalimu mwenye kitabu cha kumaliza, mwandishi mwenye tarehe ya mwisho, mjukuu mwenye mapenzi na bibi yake, kila mmoja angechukua wembe. Lakini huzuni ya bibi ni habari, na kicheko cha mzee ni habari pia. Vinatuambia kwamba utawala ulihama kweli, na kwamba watu wa uwanda huu hawajamaliza kujadiliana ulihama kwa haki au kwa hila. Ukikwangua kimoja ili kingine kikae vizuri, umeupoteza mjadala wenyewe, na mjadala ndiyo historia.

Vipande vigumu kuliko vyote nimeviona Nkansi, porini, kwenye malungu. Hayo ni matanuri ya kuyeyushia chuma ya Wafipa. Nililopelekwa kuliona mimi lilinizidi kimo kwa mbali, limejengwa kwa mabonge ya udongo wa kichuguu, pana chini na jembamba juu, na miti miwili imeota ndani yake na kutokeza mdomoni. Kuzunguka chini kuna matundu yaliyopita mirija ya udongo ya kuingizia hewa. Nilichutama nikaingiza mkono katika tundu moja: ukuta kwa ndani umekuwa laini na mweusi kama kioo, kwa moto uliozimika kabla baba hajazaliwa. Chini pametapakaa mavi ya chuma, mazito, yenye vitobo. Tanuri hili halikuhitaji mivukuto. Urefu wake ndio uliovuta upepo, mkaa ukawaka kwa siku kadhaa, na kilichotoka kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, lenye mivukuto, kikasafishwa ndipo mhunzi akafua jembe. Wazee wanakumbuka kwamba tanuri jipya liliheshimiwa kama bibi harusi na kwamba wayeyushaji walishika miiko mikali ya kujitenga na wake zao. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yalipojaa madukani.

Mwenyeji wangu, mzee mwenye shamba la mahindi linalopakana na lungu lile, alikuwa na maelezo yake. “Haya yote ni kazi ya mababu zetu,” aliniambia, akionyesha kwa fimbo uwanda wote hadi ziwani. “Chuma chote unachokiona, tanuri moja, watu wamoja.”

“Hata ule uchafu wa kule ufukweni, mzee?”

“Wote, mwanangu. Uchafu wa chuma ni uchafu wa chuma.”

Ni maelezo yanayoridhisha, na hapo ndipo penye hatari. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyapita maeneo haya, kutoka uwandani hadi ufukweni mwa Tanganyika, akichunguza matanuri yaliyobomoka, mirija iliyovunjika na huo uchafu ambao kwa macho yangu na ya mzee ulikuwa mmoja. Alionyesha kwamba haukuwa mmoja. Kulikuwa na teknolojia zaidi ya moja: malungu marefu tunayoyajua, na nyingine za matanuri mafupi, mojawapo ikiitwa katukutu, ambayo masalia yake yako upande wa ziwani na ambayo ilikwisha kusahauliwa hata na wasimulizi. Maana yake ni kwamba boksi letu lina vipande vya picha zaidi ya moja, vimechanganyika. Aliyecheza anajua adha hiyo: rangi zinafanana, kingo zinakaribia kukubali, unatokwa jasho usiku kucha ukijilaumu, kumbe unalazimisha mlango wa nyumba hii uingie ukutani mwa nyumba ile.

Nimeliona jambo hilo nje ya akiolojia pia. Mara nyingi ugomvi wa kifamilia au wa kijiji unaoshindikana kusuluhishwa ni magomvi mawili yaliyomwagwa sakafuni pamoja. Watu wanadhani wanagombea mpaka wa shamba, kumbe nusu ya maneno ni ya mahari iliyoliwa zamani. Mzee wa baraza mwenye busara huanza kwa kutenganisha: haya ni ya shamba, yale ni ya mahari, tutayaongea siku nyingine. Kinachobaki hupangika.

Uvumilivu unaotakiwa unaweza kuzidi umri wa mtu. Upande wa kusini wa mkoa, mto Kalambo unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani mwetu na Zambia. Juu ya maporomoko hayo, mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba katika miaka ya 1950 na 1960, akatoa zana za mawe na mbao za kale zilizohifadhiwa na maji. Mbao hizo zilikuwa vipande visivyo na pahali: umri wake haukuweza kupimwa kwa uhakika wakati ule, wala hapakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba zilichongwa na mtu. Septemba 2023 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ikatangaza matokeo ya uchimbaji wake, upande wa Zambia: magogo mawili, moja limekaa juu ya jingine, likiwa limekatwa mfuo wa kulishika lisiteleze. Umri wake ni angalau miaka 476,000. Huo ndio ushahidi wa kale kuliko wote unaojulikana wa mtu kuunganisha mti na mti, na umetoka ng'ambo tu ya mto wetu. Clark alikwisha kufariki mwaka 2002. Kama angejaza pengo kwa kubuni, pengine angepata sifa zaidi enzi zake, na waliomfuata wangetumia miaka kubomoa alichobuni.

Na Watanzania tuna mfano mwingine kwenye makumbusho yetu ya taifa. Fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey aliliona Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lilitoka ardhini likiwa limevunjika vipande vinavyokadiriwa kufika 400. Liliunganishwa kipande kwa kipande, lakini taya la chini halikuonekana. Mwaka 1964, mbali na hapo, Peninj karibu na Ziwa Natron, Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho lisilo na mfano, akaokota taya la kiumbe wa aina ileile. Halikuwa la fuvu lile. Lilikuwa la mwingine. Likaonyesha tu pengo lina umbo gani. Wataalamu walilitaja kwa jina lake, taya la Peninj, wala hawakuligeuza la Zinj kwa sababu lilikaribia kukaa.

Nisieleweke kwamba msumeno hauna kazi kabisa. Mwaka 2012 serikali iliumega mkoa wa Rukwa na kuunda mkoa wa Katavi, na Mpanda yote ikaenda. Baba alikuwa amekwisha kustaafu, lakini ile ramani aliitunza chini ya kitanda. Alikitoa kipande cha kijani, akapiga mstari, akakata mwenyewe kwa mkono unaotetemeka. Tukashangaa jinsi Rukwa ilivyobaki ndogo, maana zaidi ya nusu ya eneo lake ilikuwa imeondoka. Mwaka 2016 Songwe ikatolewa Mbeya, akakata tena. Nikamtania kwamba anavunja sheria yake. Akajibu, “Nchi imebadilika, ndiyo maana nakata. Yule mtoto alikata kwa sababu amechoka.” Tofauti yote iko hapo. Ushahidi ukija, kata. Uchovu ukija, kalale.

Mambo haya yalitufika nyumbani babu alipofariki na ukoo ukakaa kugawana alivyoacha. Vilivyoleta maneno havikuwa ng'ombe wala shamba, ni mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha kazi cha Rhodesia ya Kaskazini, ambacho babu alikiita chitupa; risiti zilizofifia; na picha iliyochanika nusu, babu akiwa kijana amevaa kaptula iliyopigwa pasi, mkanda mpana na kofia. Kutoka Ufipa vijana wengi wa zama zake walikwenda kwenye machimbo ya shaba kule kusini au mashamba ya mkonge pwani kutafuta fedha ya kodi na ya mahari, kwa hiyo chitupa hakikutushangaza. Picha ndiyo iliyotugawa. Baba mdogo alisema ile ni sare ya Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, babu alipigana Burma. Shangazi akasema hapana, ni sare ya mlinzi wa mgodi, na katika nusu iliyochanika alikuwamo mwanamke wa huko ambaye bibi hakutaka kumwona.

Siku ya kuandaa maandishi ya kaburi, baba mdogo alikuja na karatasi: jina, tarehe, na chini yake “Askari wa Vita ya Pili ya Dunia”. Watu wakatikisa vichwa kwa fahari. Nani asiyetaka babu shujaa? Baba akaomba muda, akaenda parokia walikobatizwa wao, akamwomba paroko afungue daftari la ubatizo. Kwenye mstari wa mtoto wa kwanza, mwaka 1943, palikuwa pameandikwa kwamba baba wa mtoto yuko Luanshya, kwenye machimbo ya shaba. Kipande hicho kilikaa sawa na chitupa, na kikaiondoa Burma katika mwaka huo. Lakini kati ya 1943 na siku babu aliporudi Ufipa kuna miaka ambayo hakuna karatasi inayoisema, na watu walijiunga na Keya hadi mwisho wa vita. Shangazi akataka tuandike “Mfanyakazi wa migodi” na yaishe. Baba akakataa hilo pia.

“Picha hii hatuijui,” alisema. “Si ya kaka wala si ya dada. Tuandike tunachokijua.”

Baba mdogo alinuna, na hadi leo ukimpa nafasi atakusimulia Burma. Ni haki yake. Huenda siku moja jina likaonekana kwenye orodha fulani na akatucheka wote. Juu ya kaburi pana jina, mwaka wa kufariki, na neno moja la imani. Picha iko kwa baba, kwenye bahasha, na nyuma ya bahasha ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: sare haijajulikana, nusu haipo, madai ni mawili, kisha akayaandika madai yote mawili na majina ya walioyatoa. Sijaona historia iliyoandikwa kwa uaminifu zaidi ya bahasha ile.

Nimeshasikia watu wakiutumia mchezo wa vipande kama mfano wa matumaini: kwamba kila kitu kina mahali pake, na mwishoni picha itakamilika. Ni mfano mtamu, ila unafaa kwa boksi la dukani tu, ambalo kiwanda kimehesabu vipande kikavifunga. Maisha ya watu wa Ufipa, na ya watu wengi wa bara hili, hayakufungwa kiwandani. Mipaka yenyewe ilichorwa na wageni. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 ulipitisha mstari hadi mdomo wa mto Kalambo, na Walungu na Wamambwe wakajikuta wako vipande viwili bila kuulizwa. Vipande vyetu vingine vimeungua, vingine viko kwenye makabati ya Ulaya, vingine viko vichwani mwa wazee ambao hakuna aliyewauliza. Anayesubiri picha ikamilike ndipo aishi atasubiri sana, na anayeikamilisha kwa wembe atabaki na ubao ambao ukiinuliwa unaanguka katikati.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji, na si kubwa. Ukipita Nkansi ukaona lungu, litazame, lipige picha, usiondoke na bonge lake wala usimruhusu fundi abomoe udongo wake kujengea. Ukiwa na mzee nyumbani, muulize mwaka huu, wala usingoje likizo ijayo. Mwandike na anayempinga pia. Chukua kalamu, geuza zile picha za ukutani na za albamu, andika nyuma yake majina, mahali na mwaka. Na pale usipojua, andika kwamba hujui, upaache wazi. Atakayekuja na kipande cha kweli atahitaji mahali pa kukiweka.